Nani Hasa Amevuka Bahari Kuu kwa Kuogelea?

Chukua kilomita 5,980, gawanya kwa siku 66. Unapata kilomita 90 na kidogo kwa siku. Ni hesabu ya darasa la tano, lakini magazeti ya Septemba 1998 hayakuipiga pale Benoît Lecomte, Mfaransa aliyekuwa akiishi Marekani, alipotokeza ufukweni Quiberon, magharibi mwa Ufaransa. Alikuwa ameondoka Hyannis, Massachusetts, Julai 16. Safari ilimchukua siku 73, na kati ya hizo alipumzika kama juma moja katika visiwa vya Azores. Habari ikazunguka dunia: mtu wa kwanza kuivuka Atlantiki kwa kuogelea bila ubao wa kushikia.

Sasa tuendelee na hesabu. Lecomte aliogelea saa sita hadi nane kwa siku, amevaa suti ya mpira na mapezi. Mwogeleaji hodari wa masafa marefu huenda kilomita tatu au nne kwa saa. Mwongeze mapezi, mwongeze na mkondo unaomsukuma mgongoni, useme tano. Saa nane mara tano ni 40. Zile 50 zilizobaki, kila siku iendayo kwa Mungu, zilitoka wapi?

Zilitoka kwenye mashua. Saa ambazo mwogeleaji alikuwa juu, akila na kulala, upepo na mkondo uleule unaotoka Marekani kwenda Ulaya viliendelea kuisukuma mashua, naye ndani yake. Hakuna namna nyingine ya kuzipata zile 50. Asubuhi alikuwa akijitosa pale mashua ilipofika, wala si pale alipotoka majini jana yake.

Sileti hesabu hii ili kumdogosha Lecomte. Kujitosa kila asubuhi katika Atlantiki ya Kaskazini kwa zaidi ya miezi miwili ni kazi ambayo wengi wetu tungeiacha siku ya kwanza, kabla hata ya chakula cha mchana. Ninaileta kwa sababu suala zima la kuvuka bahari kuu kwa kuogelea limejaa sifa zilizotangulia vipimo. Ukiuliza ni nani amevuka, utatajiwa majina matatu au manne, na kila jina limepimwa kwa ratili yake. Kwa kipimo ambacho waogeleaji wa masafa marefu wamejiwekea wenyewe katika milango ya bahari, hajatokea hata mmoja. Na kinachomzuia si papa, wala mawimbi, wala baridi. Ni usingizi.

Kipimo hicho kilizaliwa katika mlango wa Uingereza, kati ya Uingereza na Ufaransa. Agosti 24, 1875, Matthew Webb, nahodha wa meli za biashara, alijirusha majini Dover akiwa amepakwa mafuta ya pomboo mwili mzima. Aliogelea kwa mtindo wa chura, akinyweshwa kahawa, supu ya nyama na brandi kutoka kwenye boti zilizomsindikiza, akachomwa na yavuyavu njiani, na kesho yake akakanyaga mchanga wa Calais baada ya saa 21 na dakika 45. Pale pembamba, mlango ule una upana wa kilomita 33 hivi, si mbali na umbali wa kisiwa cha Unguja na bara. Lakini Webb hakuogelea kilomita 33. Maji kupwa na maji kujaa yalimvuta huku na huku mpaka njia yake ikazidi kilomita 60, na kwa saa kadhaa alikuwa akiuona mwambao wa Ufaransa bila kuusogelea. Ndiyo maana hadi leo wengi huweka nafasi zao majuma ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, na kuyakwepa yale ya bamvua.

Ilichukua miaka 36 kabla mtu wa pili, Thomas William Burgess, kufanikiwa mwaka 1911. Kisha Agosti 6, 1926, Gertrude Ederle wa New York, binti wa miaka 20, alivuka kwa saa 14 na dakika 34, haraka kuliko wanaume wote watano waliomtangulia, na aliyekuwa akimfunza alikuwa Burgess huyohuyo. Baada ya hapo mlango ule ukawa soko. Magazeti yaliweka zawadi, makampuni yakatafuta nyuso za kutangazia bidhaa, na penye soko hapakosi mchuuzi wa bidhaa bandia.

Oktoba 1927, Dorothy Cochrane Logan, daktari wa London, alitangaza kwamba amevuka kwa saa 13 na dakika 10. Gazeti la News of the World lilimkabidhi hundi ya pauni 1,000. Siku chache baadaye akaungama kwamba sehemu kubwa ya njia alikuwa ndani ya boti. Alitaka, kwa maneno yake, kuonyesha jinsi ilivyo rahisi kuudanganya umma. Fedha akazirudisha, na mahakama ikampiga faini kwa tamko la uongo. Aliyeumia zaidi alikuwa mtu mwingine: Mercedes Gleitze, mpiga chapa wa ofisini, ambaye alikuwa amevuka kweli Oktoba 7, siku chache tu kabla ya kashfa. Ghafla watu wakaanza kumnong'onea. Gleitze akarudi majini Oktoba 21, baridi ikiwa imezidi, mbele ya mashahidi na waandishi wa habari. Baada ya saa zaidi ya 10 alitolewa akiwa hoi, kabla ya kufika. Hakumaliza, lakini kila aliyekuwa kwenye boti siku ile alishuka akimwamini. Shingoni alikuwa amening'iniza saa ya Rolex, na mwezi uliofuata ilijaza ukurasa wa mbele wa Daily Mail kwa tangazo. Nadhani katika mkasa mzima ni saa ile iliyotoka na faida kubwa kuliko mtu yeyote.

Mwaka huohuo kikaundwa chama cha kusimamia uogeleaji wa mlango ule, na masharti yake ndiyo yameenea duniani. Mwogeleaji huanza nchi kavu na humalizia nchi kavu. Huvaa vazi la kawaida la kuogelea lisilohifadhi joto, kofia moja na miwani, na anaruhusiwa kujipaka mafuta. Haruhusiwi kugusa boti wala kuguswa na mtu kwa ajili ya kumsaidia. Chakula hupewa kwa kikombe kilichofungwa kwenye mti mrefu au chupa iliyofungwa kamba, kila baada ya nusu saa hivi, naye hunywa akielea. Na juu ya boti lazima awepo shahidi asiye na maslahi, mwenye daftari, anayeandika saa, mahali, hali ya maji na idadi ya mikono anayopiga mwogeleaji kwa dakika. Sharti hili la mwisho ni urithi wa Dkt. Logan. Kila anayelalamika leo kwamba masharti yamebana kupita kiasi hupaswa kumkumbuka yeye.

Kwa kipimo hiki dunia nzima ikaingia. Wamisri walitawala mashindano ya miaka ya 1950: Hassan Abdel Rehim alishinda yale ya 1950 kwa saa 10 na dakika 50, na Abdel Latif Abou Heif akawa mmoja wa waogeleaji mashuhuri kabisa wa karne. Mwaka 1958 Mihir Sen wa India na Brojen Das wa Pakistani ya Mashariki, Bangladesh ya leo, walivuka pia. Sen mwaka 1966 akaongeza mlango wa Palk kati ya India na Sri Lanka, Gibraltar, Dardanelles, Bosphorus na mfereji wa Panama, vyote ndani ya mwaka mmoja. Siku hizi ipo orodha ya milango saba, kuanzia Tsugaru ya Japani hadi Cook ya New Zealand, na aliyeimaliza kwanza ni Stephen Redmond wa Ayalandi, mwaka 2012. Kote huko kipimo ni kilekile: ukianza huachi mpaka ufike, au umeshindwa.

Kwenye bahari kuu kipimo hicho kinagonga ukuta, na ukuta wenyewe ni mwili.

Tuanze na yale yanayoweza kuvumiliwa. Maji huondoa joto mwilini takribani mara 25 zaidi ya hewa, kwa hiyo hata maji ambayo msafiri wa pwani angeyaita vuguvugu humchosha anayekaa ndani yake kutwa na kucha. Chumvi huvimbisha ulimi na koo mpaka chakula kinakuwa adhabu. Ngozi ya kwapani na shingoni huchubuka kwa kila mkono unaopigwa, na mikono hiyo ni maelfu kwa siku. Yavuyavu huchoma usoni. Mawimbi huleta kichefuchefu, na anayetapika hupoteza chakula alichopewa ili asizimike. Yote haya yana dawa au nusu ya dawa: mafuta, suti, mazoezi, ukaidi.

Usingizi hauna dawa. Pomboo hulala nusu ya ubongo huku nusu nyingine ikimwongoza apande kuvuta hewa. Sisi hatukujaliwa hilo. Mpaka wa binadamu tunaujua kwa sababu watu wamejaribu kuusukuma, na hakuna aliyeusukuma vizuri kama Sarah Thomas wa Colorado. Agosti 2017, katika ziwa Champlain, aliogelea kilomita 168 kwa saa 67, bila kugusa chombo wala ardhi. Septemba 2019, mwaka mmoja tu baada ya kumaliza matibabu ya saratani ya matiti, alivuka mlango wa Uingereza mara nne mfululizo, kwenda na kurudi na kwenda na kurudi, kwa saa 54 na dakika 10. Haya yamesimamiwa, yameandikwa, na hakuna anayeyabishia.

Siku tatu, basi, na kilomita 170: hapo ndipo mwili wa binadamu umefika kwa kipimo kikali. Pale Atlantiki inapobana, kati ya Dakar na ncha ya Brazili, ni kama kilomita 3,000. Kwa mwendo wa kilomita tatu kwa saa, usiku na mchana, ni saa 1,000, yaani karibu siku 42 bila kufumba jicho. Hakuna mazoezi yatakayomfikisha mtu huko. Kwa hiyo anayesema anavuka bahari kuu amekwisha kukubali, hata kabla hajalowa, kwamba atapanda botini kulala. Mjadala wote unaanzia hapo: akilala, boti inafanya nini?

Kabla ya kufika huko, kuna mahali pa katikati panapoonyesha jinsi mambo yanavyolegea kadiri saa zinavyozidi. Agosti 31, 2013, Diana Nyad, mwenye miaka 64, aliondoka Havana. Lilikuwa jaribio lake la tano. La kwanza lilikuwa mwaka 1978, ndani ya kizimba cha kumkinga na papa. Septemba 2 alipanda ufukwe wa Key West, Florida, baada ya saa 53 hivi na kilomita 177, na mbele ya kamera akayumba kama mlevi. Mwaka 2023 Annette Bening aliigiza nafasi yake katika filamu. Lakini ukitafuta kuvuka huko kwenye orodha za wanaoidhinisha uogeleaji wa masafa marefu, hukukuti. Wahudumu wake walimgusa walipomsaidia kuvaa suti ya kumkinga na yavuyavu, na daftari za mashahidi zilikuwa na pengo la saa tisa hivi. Waogeleaji wenzake walishangaa pia kuona kwamba usiku wa pili mwendo wake uliongezeka sana; upande wake ulijibu kwamba ni mkondo wa Ghuba, ambao kweli kasi yake inaweza kumzidi mwogeleaji yeyote.

Mimi namwelekea zaidi Nyad kuliko wakosoaji wake wengi. Sioni ushahidi kwamba alipanda boti, na mkondo ule ni halali yake kama maji kujaa yalivyokuwa halali ya Webb. Lakini pengo la saa tisa ni pengo. Shahidi naye ni binadamu. Siku ya tatu baharini na yeye macho yanamfunga. Kama saa 53 zimeshinda uwezo wa mashahidi kuandika, tutarajie nini kwa siku 70?

Tulipata jibu mapema. Desemba 1994 Guy Delage, Mfaransa, aliondoka Cape Verde akiwa na mapezi, ubao wa kushikia na chelezo kilichobeba chakula na kitanda chake. Baada ya siku 55 alifika Barbados. Ni zaidi ya kilomita 3,500, wastani wa zaidi ya 60 kwa siku, na chelezo hakikuwa na nanga. Usiku pepo za biashara zilikipeleka magharibi naye amelala juu yake. Hakuwa na mtu wa kumwangalia. Kwa ujasiri ni safari ya ajabu, lakini kama kuogelea, sehemu yake kubwa ilikuwa ni kupeperushwa.

Habari ya Februari 2009 ilikuwa kubwa zaidi, na ya kuchekesha kidogo. Shirika moja kubwa la habari lilitangaza kwamba Jennifer Figge wa Marekani, mwenye miaka 56, amekuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki kwa kuogelea, kutoka Cape Verde hadi Trinidad. Ilimchukua siku 24. Watu wakachukua penseli: zaidi ya kilomita 3,000 kwa siku 24 ni zaidi ya 125 kwa siku, mwendo ambao hata bingwa wa Olimpiki asingeuhimili bila kulala. Haukupita muda habari ikasahihishwa. Figge alikuwa ameogelea kilomita kama 400 tu, siku ambazo hali ya bahari iliruhusu. Njia iliyobaki alikuwa kwenye boti, na upande wake haukuificha. Lawama hii siiweki kwake. Naiweka mezani kwa wahariri ambao wangemwuliza swali moja tu la hesabu.

Na swali hilohilo ndilo linalomrudia Lecomte wa 1998. Tumtafutie mtu wa kumlinganisha naye. Martin Strel wa Slovenia aliuogelea mto Amazon mwaka 2007: kilomita 5,268 kwa siku 66. Amazon ni mto. Maji yake yanakimbia kuelekea baharini, na yalimsukuma kila saa aliyokuwa ndani yake. Pamoja na msukumo huo wote, wastani wake ni kilomita 80 kwa siku. Lecomte, katika siku zilezile 66, baharini, anasomeka kuwa na 90. Ukiyaweka majina hayo mawili kwenye karatasi moja, huhitaji mtaalamu wa kukwambia nini kilitokea usiku.

Hapa mtu anaweza kubisha: mkondo humsukuma kila mwogeleaji, mbona Webb hamumpunguzii? Hoja nzuri, na jibu lake ndilo kiini cha jambo hili. Mkondo unaokukuta ukiwa majini ni sehemu ya maji unayoogelea. Unaweza kukusaidia leo na kukuangamiza kesho, na ni wewe unayepambana nao. Mkondo unaoichukua boti ukiwa umelala ni nauli. Tofauti ni ndogo kuitamka, lakini kwa Lecomte wa 1998 ilibeba zaidi ya nusu ya Atlantiki.

Dawa yake imejulikana tangu vifaa vya setilaiti vya kuonyesha mahali vilipokuwa vya kawaida: mtu akitoka majini, andika alama ya mahali, akirudi, boti imrudishe palepale. Ross Edgley wa Uingereza alifanya hivyo mwaka 2018. Juni 1 aliondoka Margate akaizunguka Uingereza yote kwa kuogelea, akarudi Margate Novemba 4. Siku 157, kilomita 2,864, na katika muda wote huo hakukanyaga nchi kavu. Aliogelea maji yakimfuata na kupumzika yakimgeuka, hadi saa 12 kwa siku. Chumvi ilimchubua ulimi mpaka vipande vikamdondoka mdomoni, shingo ikawa kidonda kwa kusuguliwa na suti, na alikula ndizi zaidi ya 600. Wastani wake: kilomita 18 kwa siku.

Juni 5 ya mwaka huohuo, Lecomte, sasa ana miaka 51, aliingia majini Choshi, Japani. Lengo lilikuwa San Francisco, karibu kilomita 9,000 ng'ambo ya Pasifiki. Safari hii alibeba kila kitu ambacho 1998 hakikuwepo: alama za setilaiti za kila siku, ufuatiliaji uliokuwa wazi kwa yeyote kuutazama, na sharti la kurudi pale alipoishia. Dhoruba zilimsimamisha mara kadhaa. Novemba upepo uliharibu tanga kuu la mashua, safari ikavunjika. Alikuwa ameogelea takribani kilomita 2,700 katika miezi mitano na nusu. Gawanya: kama kilomita 16 kwa siku.

Kwa hiyo mtu mmoja, kwa kipimo kimoja alikwenda 90 kwa siku, kwa kingine 16. Umri ulimpunguza, ndiyo, na Pasifiki si Atlantiki. Lakini Edgley, kijana wa miaka 32 mwenye kifua cha mbeba mizigo, katika maji mengine kabisa, naye amesomeka 18. Namba hizi mbili zinasimama bega kwa bega, na ile ya 1998 imebaki peke yake. Kwangu mimi, Lecomte aliyeshindwa mwaka 2018 ni mwogeleaji mkubwa kuliko yule aliyeshangiliwa Quiberon. Alichokiogelea kinaweza kuonyeshwa kwenye ramani, siku kwa siku.

Pasifiki pia ilimpa kazi ambayo kasi ingemnyima. Kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole, uso ukiwa ndani ya maji, unaona visivyoonekana kutoka kwenye sitaha. Watu wake walikusanya sampuli za maji na plastiki kwa ajili ya wanasayansi, na mwaka 2019 aliondoka tena, Hawaii kuelekea California, akikatiza eneo ambalo mikondo hukusanya takataka za plastiki. Safari hiyo alipanga tangu mwanzo kuogelea sehemu tu ya njia. Kutoka juu, eneo lile huonekana kama bahari nyingine yoyote. Kutoka ndani, ni vipande vidogo visivyohesabika vinavyoelea kati ya mwogeleaji na mwanga, pamoja na nyavu za wavuvi zilizopotea, miswaki, na vizibo. Wala si yeye wa kwanza kugundua kwamba umbali si kila kitu. Lynne Cox mwaka 1987 aliogelea saa mbili na dakika tano tu, kutoka kisiwa cha Diomede Ndogo cha Marekani hadi Diomede Kubwa cha Urusi, katika maji ya nyuzi kama sita, bila suti ya mpira. Desemba ile Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, akiwa Washington kutia saini mkataba wa silaha za nyuklia, alimtaja katika hotuba yake ya kunyanyua glasi. Kilomita nne na ushei, na zimekumbukwa kuliko nyingi za maelfu.

Lakini wanaoitaka bahari yenyewe hawatakoma. Novemba 2016 Ben Hooper wa Uingereza aliondoka Dakar kuelekea Brazili akisema atakuwa wa kwanza kuogelea kila kilomita. Mwezi uliofuata, baada ya hali mbaya ya hewa na boti kuharibika, aliacha akiwa amekata sehemu ndogo tu ya njia. Wapo waliotatua tatizo la usingizi kwa kupokezana, kama kikosi cha waogeleaji wa mataifa mengi kilichovuka mlango wa Bering mwaka 2013, mmoja akitoka mwingine akiingia. Ni jibu la akili, ila halimridhishi yule anayetaka jina lake peke yake.

Kwake yeye hesabu iko hivi. Dakar hadi Brazili, kilomita 3,000, kwa wastani wa 17 uliothibitishwa na watu wawili tofauti, ni siku 176. Akiondoka Desemba 1, atafika mwisho wa Mei, pasipo kuhesabu siku moja ya dhoruba wala ugonjwa. Itabidi mashua irudishwe kila asubuhi kinyume cha upepo mpaka kwenye alama ya jana, na mafuta ya kazi hiyo peke yake yatazidi ya safari yenyewe. Wahudumu watahitaji chakula cha nusu mwaka. Kisha ziko gharama ambazo wadhamini hawapendi kuzisikia: mashahidi watatu au wanne wasio ndugu wala rafiki wa mwogeleaji, wanaolala kwa zamu ili daftari lisilale, wakiandika mahali ilipo mashua kila nusu saa, hata saa nane za usiku, yeye anapokoroma chini. Mpaka sasa hakuna aliyejitokeza na bajeti yenye kifungu hicho.